Pesa haiko ndani ya simu: siku tuliyoenda Fourteen Falls na kikundi cha Landless

Jumamosi moja, saa mbili na nusu asubuhi, tulikuwa watu kumi na wanne kando ya barabara ya Garissa pale Landless, Thika, tukingoja matatu tuliyokodi. Kumi na wawili walikuwa wanachama wa kikundi cha akiba cha vijana wa mtaa huo. Wawili ni sisi, kutoka timu inayokuandikia makala haya. Walitualika baada ya mazungumzo kuhusu usalama wa pesa kwa simu. Walisema, "Kama mnataka kuona vile tunatumia hiyo huduma yenu, tokeni ofisini mje twende nayo safari." Tukalipa mchango kama wengine, tukabeba kofia na maji ya kunywa, tukaenda.

"Watu kumi na wanne, maporomoko kumi na manne," mmoja akatania tukiingia ndani ya gari. "Kila mtu achague lake."

Tulicheka. Hatukujua kwamba kabla ya saa saba mchana, moja ya maporomoko hayo lingekuwa limechukua simu ya mweka hazina, na kwamba kwa dakika chache kungekuwa na mtu aliye tayari kuruka majini kuifuata. Makala haya yanahusu dakika hizo. Lakini tuanze pale safari zote za kikundi huanzia, yaani kwa mchango.

Shilingi 21,000 na namna zilivyogawanywa

Kila mtu alichanga shilingi 1,500. Jumla ni 21,000. Pesa zilitumwa kwa nambari ya mweka hazina kati ya Jumatatu na Alhamisi, na yeye akawa na sheria mbili ambazo tungependa kila kikundi kiige.

Ya kwanza: hakukubali picha ya ujumbe kama uthibitisho. Mtu akimwambia "nimetuma, cheki hii screenshot," yeye alikuwa anafungua taarifa ya akaunti yake mwenyewe na kutafuta jina. Ujumbe wa pesa unaweza kutungwa na mtu yeyote mwenye simu, lakini salio lako haliwezi kutungwa. Wawili walikuwa wamekosea tarakimu moja wakatuma kwingine. Mmoja aliona jina geni kabla ya kuweka nambari ya siri, akasitisha. Mwingine hakusoma jina, pesa ikaenda, ikabidi aombe irudishwe siku hiyo hiyo. Alirudishiwa, kwa sababu aliyetumiwa alikuwa hajaitoa. Tofauti kati ya hao wawili ni sekunde tatu za kusoma jina.

Sheria ya pili ilikuwa ya mgawanyo. Siku ya Ijumaa mweka hazina alituma 3,000 kwa katibu, ziwe za dharura, na kusiwe na kuzigusa bila wawili hao kukubaliana. Halafu akalipa nusu ya gari, 3,500 kati ya 7,000, na nusu ya pili ikabaki ya kulipwa tukisharudi. Dereva alikuwa ameomba zote mapema. Mweka hazina akamwambia kwa upole, "Kaka, tukifika salama utapata zako zote." Dereva akakubali. Mwenye gari la kweli mara nyingi hukubali. Anayekukazia macho ulipe zote leo, kwa nambari yake binafsi, kwa gari ambalo umeliona kwenye picha tu, huyo mfikirie mara mbili.

Kutoka Landless mpaka kwenye maji

Ukiwa Landless uko karibu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Unashika barabara ya Garissa kuelekea mashariki, unaacha mji nyuma, mashamba ya mananasi yanatokea, na mlima wa Kilimambogo unaanza kujaza kioo cha mbele. Ukifika Kilimambogo unakata kulia kuelekea Donyo Sabuk, na kabla ya kuvuka Mto Athi unaingia upande wa maporomoko. Wasiokodi gari hupanda matatu mpaka njia panda, halafu bodaboda humalizia.

Langoni tulilipa kiingilio na mashua pamoja, 5,600 kwa wote. Bei hubadilika, kwa hivyo usiichukue kama ya kudumu. Hapo mtandao ukatuchezea. Mweka hazina alilipa, simu ikazunguka, ujumbe haukuja. Nyuma yetu foleni inakua, watu wanasema, "Lipa tena basi, twende." Hakulipa tena. Aliangalia salio, akaona limeshapungua kwa 5,600, akamwonyesha mhudumu naye akacheki upande wake. Ujumbe ulikuja dakika nne baadaye. Angeharakisha, tungelipa 11,200 na kuanza kufuatilia pesa badala ya kuona maji.

Sasa, maji yenyewe. Mto Athi hapo unafika kwenye ukingo mpana wa mawe na kugawanyika. Badala ya poromoko moja kubwa unaona mikondo mingi ikishuka sambamba, na ndiyo asili ya jina Fourteen Falls. Ngurumo unaisikia kabla ya kuona chochote. Tulitembea juu ya mawe, tukapanda mashua, tukapigwa na ukungu wa maji mpaka miwani ikawa haina kazi.

Wenyeji wachache huruka kutoka juu ya mawe mpaka majini ili wageni wawatuze. Kijana mmoja wa kikundi chetu alipoona hivyo akaanza kuvua shati. Mzee wa mashua akamwona.

"Kijana wangu, wewe umezaliwa hapa?"

"La, mzee. Landless."

"Basi vaa shati."

Akatueleza kitu ambacho tunataka kila msomaji ajue, kwa sababu watu huenda pale wakidhani ni kidimbwi cha kuogelea. Maji ya Athi yanayofika hapo yamepita mbali. Mto Nairobi, ukiwa umebeba uchafu wa jiji, huingia kwenye Athi juu ya maporomoko haya. Povu jeupe unaloliona chini si la maji pekee. Na kuna jambo la pili: mvua ikinyesha Nairobi usiku, mto huku unaweza kupanda kesho yake mchana, wakati anga ya Thika ni safi na jua linawaka. Huoni mawingu, huoni dalili, na jiwe ulilosimama saa nne linaweza kuwa ndani ya maji saa sita. Chini kuna mawe usiyoyaona na mikondo inayovuta. Watu wamepoteza maisha pale, wakiwemo wanaojua kuogelea vizuri.

Kijana akavaa shati. Kama lengo lenu ni kuogelea, Thika ina mabwawa ya kulipia, yenye maji safi na mtu wa kuangalia usalama. Fourteen Falls nenda kwa macho, kwa miguu na kwa mashua.

Simu ikaenda

Ilikuwa saa sita na nusu hivi. Tulikuwa juu ya mawe tukipiga picha ya pamoja. Mweka hazina alinyoosha mkono ili wote tuingie kwenye picha, mtu akamgusa kiwiko, simu ikateleza. Iligonga jiwe mara moja, ikazunguka hewani, ikaingia majini. Hatukusikia hata mlio, kwa sababu pale husikii mlio wa kitu chochote.

Kimya. Halafu sauti ya mtu: "Pesa zetu!"

Hesabu ilikuwa hivi. Kutoka 21,000, katibu alikuwa na 3,000, dereva alishapewa 3,500, langoni 5,600. Zilizobaki kwenye akaunti ya mweka hazina ni 8,900. Hizo ndizo za kumalizia gari na za chakula cha mchana.

Mmoja wa wale waruka-maji alikuwa ameona kila kitu. Akaja mbio. "Nipeni elfu moja nikatafute. Nimeona imeangukia wapi."

Wengine wetu walikuwa tayari kukubali. Hebu fikiria: elfu moja kuokoa 8,900 na simu juu yake, hesabu inaonekana nzuri. Mmoja alishaanza kuhesabu noti mfukoni. Tukiwa wakweli, hata sisi wawili wa ofisini tuliganda. Kazi yetu kila siku ni kuandika ushauri, na pale hatukuwa na neno.

Mweka hazina ndiye aliyesema. Alikuwa anatetemeka, lakini alisema wazi: "Hakuna mtu anaingia. Pesa haiko ndani ya simu."

Mzee wa mashua akamgeukia yule kijana mwenyeji. "Umemsikia dada. Simu inanunuliwa dukani. Wewe tutakununua wapi?"

Kijana akacheka kidogo, akaketi kwenye jiwe. Maji yakaendelea kupita.

Maneno hayo matano, pesa haiko ndani ya simu, ndiyo sababu ya makala haya. Tumezoea kusema "pesa iko kwa simu," na ulimi ukizoea, akili nayo huamini. Simu ni kama mlango. Mlango ukivunjika, ukaibiwa au ukazama, pesa bado iko mahali pake, kwenye akaunti iliyosajiliwa kwa jina lako na nambari yako ya kitambulisho. Kinachofungua akaunti hiyo ni mambo mawili: laini yako na nambari yako ya siri. Laini unaweza kupata nyingine yenye nambari ile ile. Nambari ya siri iko kichwani mwako. Kwa hiyo hakuna kiasi cha pesa kilicho chini ya maji yale kinachostahili mguu wa mtu, achilia mbali roho yake.

Nusu saa iliyofuata

Baada ya mshtuko kupungua, haya ndiyo yaliyofanyika, kwa mpangilio wake.

Kwanza tulitoka kwenye mawe. Mtu aliyechanganyikiwa hapaswi kusimama penye utelezi. Tulienda penye kivuli, na penye mtandao pia.

Pili, mweka hazina aliazima simu na kupigia kampuni yake ya laini, akaomba laini ifungwe. Halafu akapigia huduma kwa wateja wa akaunti ya pesa, akaomba miamala isitishwe. Walimuuliza maswali ya kuthibitisha kwamba ni yeye: jina kamili, nambari ya kitambulisho, mambo ya namna hiyo. Hawakumwuliza nambari ya siri. Hawaulizi kamwe, sisi tukiwemo. Unaweza kusema simu iliyo chini ya maji haiwezi kuibiwa. Ni kweli, lakini mto husukuma vitu kando, na hujui nani ataiokota kesho. Simu ikishatoka mkononi mwako, laini ifungwe.

Tatu, mwenzetu mmoja akatoa wazo lililosikika la msaada: "Nitajie ile PIN yako, ukipata laini mpya nitakusaidia kutoa haraka." Hakuwa na nia mbaya. Lakini jibu likawa hapana, na likatolewa bila ugomvi. Siku ya msukosuko ndiyo siku watu hugawa siri zao kwa nia njema, kisha baada ya mwezi hakuna anayekumbuka nani alisikia.

Nne, mwingine alitaka kuandika kwenye mtandao wa kijamii kwamba mweka hazina amepoteza simu, na nambari yake iwe hapo. Tulimwomba asubiri. Tangazo kama hilo huwaambia matapeli mambo matatu kwa mpigo: nambari, jina, na kwamba mwenyewe hapatikani. Ndipo watu wake wanaanza kupokea jumbe, "Niko taabani, nitumie kidogo kwa nambari hii." Badala ya tangazo, tulipigia simu watu watano wa karibu, akiwemo mama yake, tukawaambia wasitume pesa mpaka wasikie sauti yake.

Tano, ile akiba ya dharura ikafanya kazi yake. Katibu alikuwa na 3,000. Dereva alidai 3,500. Sisi wawili tukaongeza 500, deni ambalo lilirudishwa jioni hiyo hiyo. Chakula cha mchana cha mpango kikaahirishwa. Tukala chapati, mayai ya kuchemsha na parachichi ambavyo akina dada wawili walikuwa wamebeba "kwa ajili ya njiani." Hakuna aliyelala njaa.

Saa tisa tulikuwa Thika mjini. Bahati ni kwamba mweka hazina alikuwa ameacha kitambulisho ndani ya begi garini, hakikuwa kwenye kava ya simu kama wengi wetu tunavyofanya. (Angalia kava yako sasa hivi. Kama kitambulisho kimo humo, simu ikizama kinazama nayo, na bila kitambulisho laini mpya itakuchelewesha.) Alienda dukani, akathibitishwa, akapewa laini ya nambari ile ile. Tulingoja ianze kufanya kazi. Akaiweka kwenye kabambe ya katibu, simu ile ya vitufe, akafungua menyu ya pesa, akaingiza nambari yake ya siri huku ametupa mgongo, akaangalia salio.

8,900. Hakuna hata shilingi iliyolowa.

Alama zilizopatikana kwa maji

Jioni tulirudi Landless tukala nyama na ugali, kuchelewa kwa saa sita lakini kwa furaha zaidi. Kikundi kilikaa pale pale kikafanya mkutano mfupi, na maamuzi yake tumeruhusiwa kuwaandikia hapa.

Kila safari itakuwa na watu wawili wanaoshika pesa, si mmoja. Pesa za kurudi nyumbani zitatengwa kabla ya kutoka nyumbani. Kila mtu atabeba noti kidogo, za kutosha nauli yake, kwa sababu mtandao hupotea na betri huisha. Simu zenye pesa za kikundi hazitapiga picha kwenye maji. Na ile sheria ya mzee wa mashua imeandikwa ya kwanza kabisa kwenye daftari: hakuna kitu kinachofuatwa majini isipokuwa mtu, na hata mtu hufuatwa na anayejua maji.

Walizungumza pia juu ya simu mpya. Baadhi walipendekeza kikundi kimnunulie mweka hazina, kwa sababu alikuwa akipiga picha ya wote. Yeye akasema atapokea nusu tu, nusu nyingine ni ya mkono wake mwenyewe. Wamekubaliana 500 kila mtu kwa miezi miwili.

Safari ijayo: Kilimambogo

Mlima tuliouona njiani hatukuupanda, lakini tumeahidiana kurudi. Mbuga ya Ol Donyo Sabuk ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1967, na kilele chake kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kutoka langoni mpaka juu ni karibu kilomita 9 za kupanda, kwa hiyo ni safari ya siku nzima. Njiani kuna kaburi la Sir William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925, yule ambaye maktaba ya McMillan jijini Nairobi inabeba jina lake. Jina Kilimambogo si la mapambo: nyati wapo kweli, kwa hivyo ulizeni langoni kuhusu askari wa wanyamapori wa kuwasindikiza, na msiachane njiani.

Upande wa malipo, kiingilio cha mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kupitia eCitizen. Lipeni mkiwa nyumbani, penye mtandao mzuri, na mhifadhi risiti. Nambari ya Lipa Bili ya serikali ni 222222. Mtu akisimama njiani akasema mlipe kwa nambari yake binafsi ili awapunguzie, mshukuruni na mwendelee na safari.

Kabla hamjatoka, fanyeni zoezi hili la dakika tano. Kila mmoja ajiulize: simu yangu ikizama sasa hivi, nambari ya huduma kwa wateja ninaikumbuka au imo ndani ya simu hiyo hiyo? Kitambulisho changu kiko wapi? Kuna mtu mmoja ambaye nambari yake ninaijua kwa kichwa? Nitarudi nyumbani kwa pesa gani?

Ukishindwa kujibu moja, iandike kwenye karatasi uiweke mfukoni, mbali na simu. Mweka hazina wa Landless sasa anayo karatasi yake, imekunjwa ndani ya kiatu. Anasema mto ukitaka na hiyo, itabidi umchukue na yeye, na yeye haendi karibu na maji tena bila kushika mkono wa mtu.